Wenye Darubini na Wenye Kura

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, nasi wazee wanne tumekaa barazani katika Mji wa Kale wa Mombasa, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu, tukizungumza yale yale yazungumzwayo kila uchaguzi unapoanza kunukia: kura za Pwani safari hii zitakwenda kwa nani, nani ameahidi nini, na nani alikwisha kuisahau ahadi yake hata kabla wino haujatoka kwenye vidole vyetu. Mjukuu wa mwenye baraza, kijana anayewatembeza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Akatukatiza kwa adabu.

"Babu, niwieni radhi," akaniambia. "Mwajua kwamba kule Uingereza kuna chama cha wapenda ndege, na wanachama wake wapita milioni moja? Hao siku wakiamua kupiga kura kwa neno moja, si watamweka wamtakaye?"

Mwenzetu mmoja alicheka hata kahawa ikammwagikia kanzuni. "Kura za ndege!" akasema. "Mwanangu, sisi hapa twashindwa kukubaliana juu ya wanadamu."

Tulicheka sote, yakaisha. Walakini neno la yule kijana lilinifuata hadi nyumbani, na kila nilipolipindua niliona kwamba lina uzito kuliko kicheko chetu. Kwani ni nini hasa kinachowafanya watu wengi wenye kupenda jambo moja wawe na nguvu mbele ya serikali? Ni wingi wao? Basi hao wa darubini wangekuwa wafalme zamani.

Najua wako wasomaji watakaosema kwamba kutazama ndege ni upuuzi wa watu walioshiba. Mtu anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anavaa buti, anakwenda kulala kifudifudi katika matope ya Mida, na ndege mwenyewe hamli wala hamfugi. Anamtazama tu, anaandika jina lake kitabuni, anarudi. Naam, kwa namna hiyo jambo hili si letu. Lakini tusijivue elimu yetu wenyewe. Mvuvi wa Pwani humtazama membe anavyopiga mbizi akajua samaki wako wapi. Mkulima humtambua mnana kabla mpunga haujaiva. Na sisi tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Nabii Suleiman katika Surat An-Naml, alipowakagua ndege akamkosa hudihudi, na hudihudi akaja na habari za malkia wa Saba na watu wake. Kwa hiyo habari ya ndege na utawala kukutana mahali pamoja haikuanzia Uingereza.

Sasa tuliangalie shirika lenyewe, maana historia yake ina jambo ambalo wengi hawalijui. Lilianzishwa mwaka 1889 na mwanamke aitwaye Emily Williamson, nyumbani kwake Didsbury, karibu na mji wa Manchester. Siku hizo wanawake wa Ulaya walikuwa wamepagawa na kofia za manyoya. Si unyoya mmoja wa kuchomeka. Mabawa mazima, na mara nyingine ndege mzima aliyekaushwa, akakalishwa juu ya kichwa cha bibi akienda kanisani. Miongoni mwa waliouawa sana alikuwemo jamaa wa huyu yangeyange wetu, yule mweupe mkubwa, kwa sababu wakati wa kutaga huota manyoya marefu laini mgongoni. Wawindaji wakawafuata penye viota vyao, wakaua wazazi, na makinda yakafa kwa njaa mitini. Bi Williamson na wenziwe wakaweka ahadi: mwanachama hatavaa manyoya ya ndege yeyote ambaye hakuuawa kwa ajili ya chakula, isipokuwa mbuni. (Mbuni akaachwa, kwani hunyolewa akabaki hai. Hata wacha Mungu hupenda kujiachia kijilango.)

Mwaka 1904 shirika likapewa hati ya kifalme, na mwaka 1921 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukataza kuingiza manyoya nchini. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miaka 32. Na katika miaka mingi ya hiyo 32, wanawake walioliongoza shambulio hilo hawakuwa na kura ya Bunge hata moja. Wanawake wa Uingereza walianza kupewa kura mwaka 1918, nao ni wale waliotimiza miaka 30 tu, tena kwa masharti. Hawakulingana na wanaume mpaka 1928. La ajabu zaidi ni kwamba mmoja wa viongozi wakubwa wa shirika, Bi Etta Lemon, alikuwa akipinga waziwazi wanawake kupewa kura. Mambo yalikuwa hivyo hivyo Marekani, ambako wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, walianza kuwaita mabibi wenzao kwenye chai mwaka 1896, wakiwashika mkono mmoja baada ya mwingine waache kofia zile. Marekani nzima ilikuwa na sheria ya kuwalinda ndege wahamao kufikia mwaka 1918, na wanawake wa huko wakapata haki ya kura katika katiba mwaka 1920.

Hivyo basi ushindi mkubwa wa kwanza wa wapenda ndege uliletwa na watu wasio na kura. Waliutumia ulimi, kalamu, haya na kujuana. Walimwaibisha mvaaji mbele ya wenziwe, kisha wakamgeukia mbunge. Nasema haya mapema kwa sababu nitayarudia.

Turudi kwa yule kijana na milioni yake. Hakukosea. Shirika lile la Uingereza lilivuka wanachama milioni moja mwaka 1997 na halijashuka. Mwaka 2013 wanachama wote wa vyama vitatu vikubwa vya siasa vya huko, ukiwajumlisha pamoja, hawakufika nusu milioni. Maana yake ni kwamba kwa kila mtu aliyetoa pesa yake kukisaidia chama cha siasa, walikuwako wawili na zaidi waliotoa kwa ajili ya ndege. Na ukiigawanya milioni moja kwa viti 650 vya Bunge lao, kila kiti kinapata watu kama 1,500. Si wengi? Katika uchaguzi wa mwaka 2024, kiti cha Hendon, huko London, kilipatikana kwa kura 15. Ndiyo, kumi na tano. Hawajai hata basi dogo la kwenda Likoni.

Ukiishia hapo utasema kijana ameshinda. Lakini ingia ndani ya hiyo milioni uone imo nini. Wamo watoto wa shule, ambao hawapigi kura. Yumo mwenye shamba kubwa, na yumo mwalimu mstaafu ambaye anaamini kwamba mwenye shamba kubwa ndiye anayemaliza ndege kwa dawa zake. Yumo anayewachukia wahamiaji wa kibinadamu na kuwapenda wahamiaji wenye mabawa. Siku ya kura kila mmoja wao huiweka darubini mezani na kwenda kumpigia yule atakayemtengenezea hospitali, au atakayempunguzia kodi, au yule ambaye baba yake alikuwa akimpigia. Ndege anapendwa, ila anapendwa baada ya mambo mengine sita.

Isitoshe, sheria ya huko hailiruhusu shirika la hisani kumwambia mtu chama cha kuchagua. Na mwaka 2023 tuliona jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Serikali ilitaka kuondoa kanuni zinazowazuia wajenzi wa nyumba kuongeza uchafu katika mito. Mwezi wa Agosti shirika la ndege likawatangazia watu kwamba mawaziri watatu, akiwemo Waziri Mkuu, ni waongo. Neno zito! Kelele zikawa kubwa, na haikuchukua muda shirika likaomba radhi. Lakini angalia yaliyofuata: Septemba ya mwaka huo huo Baraza la Malordi likaukataa mpango ule. Waliokuwa wakipinga walikuwa wengi na si hao wa ndege peke yao, ila nao walikuwemo. Tena Juni 2024, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, makundi kwa makundi yakaandamana London kudai maumbile yarudishiwe uhai wake, shirika hilo likiwa miongoni mwa waandaaji, na hawakumtaja mgombea wa kupigiwa.

Marekani nako wingi wenyewe unatisha. Idara ya serikali ya samaki na wanyama pori ilifanya hesabu mwaka 2022 ikasema watazama ndege ni watu milioni 96. Mimi hesabu hiyo naipokea kwa mkono wa kushoto kidogo, maana anahesabiwa hata bibi anayewarushia ndege punje dirishani kwake na kuwatazama wakila. Katika hesabu hiyo hiyo wawindaji walikuwa kiasi cha milioni 14. Lakini muulize mwanasiasa wa huko anamwogopa nani. Mwindaji ana leseni. Jina lake limeandikwa. Tangu sheria ya mwaka 1934, kila mwenye miaka 16 na zaidi atakaye kuwinda bata mwitu hana budi anunue stempu ya serikali, ambayo siku hizi ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kununua na kuhifadhi ardhi oevu. Amelipa, amehesabiwa, na ukimgusia bunduki yake atakuacha wewe na chama chako siku hiyo hiyo. Mtazama ndege hana cha kumpokonya mtu. Akikasirika, anakwenda msituni.

Ndiyo maana ile sheria yao ya mwaka 1918 imekuwa kama mlango usio na komeo. Mwaka 2017 serikali iliyokuwepo ilisema kwamba kampuni ikiua ndege bila kukusudia, kwa mafuta au kwa nyaya, haina kosa. Mwaka 2020 jaji akaitupa tafsiri hiyo. Mapema mwaka 2021 serikali ikairudisha kwa njia ya kanuni. Mwaka huo huo serikali mpya ikaifuta. Na mwaka 2025 waliorudi madarakani wakairudisha tena. Milioni 96, na sheria yao inacheza mdako kila Ikulu inapobadilisha mwenyeji!

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jinsi kura za pamoja zinavyopatikana. Fungu la kura haliundwi na watu kupenda kitu kimoja; huundwa na watu walioumizwa mahali pamoja. Ukimwona mtu wa Kwale, wa Kilifi na wa Lamu wanaelekea upande mmoja, jua kwamba kuna hatimiliki ambayo haikupatikana, au kitambulisho ambacho kijana wa Kiislamu aliambiwa akakilete cheti cha babu yake kwanza. Mwaka 1992, watu wetu walipojaribu kuiandikisha Islamic Party of Kenya wakanyimwa, sauti ilipanda Mombasa, kwa sababu jeraha lilikuwa la wote. Nasi tunaujua pia upande wa pili: kura zikisha kufungwa fungu moja huwa nyepesi kubebwa, na mara ngapi fungu letu limebebwa na dalali, likauzwa, sisi tukabakia na kamba?

Sasa nitawapeleka Dakatcha, kaskazini ya Malindi, kwa sababu huko ndiko wenye darubini wa Uingereza na wenye kura wa kwetu walikokutana kwa kweli. Dakatcha ni msitu wa nyika katika eneo la bunge la Magarini, nchi ya Wagiriama na Wawata. Humo na katika Arabuko-Sokoke yumo mnana mmoja wa rangi ya manjano na nyeusi ambaye dunia nzima haonekani pengine ila Kilifi. Na viota vyake havikugunduliwa na wataalamu mpaka mwaka 2013, humo humo Dakatcha. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya magari na vyombo vingine vya safari iwe ni ile isiyokwisha. Ghafla mbegu za mbono kaburi zikawa dhahabu. Ikaja kampuni ikitaka hekta 50,000 za Dakatcha ili ipande mbono huo, mafuta yake yaende Ulaya.

Wako wenyeji waliotaka kazi, na siwalaumu. Mtu mwenye njaa humwambii habari ya mnana. Wako walioona kwamba watafukuzwa kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao. Lile shirika la Uingereza likasimama pamoja na Nature Kenya na mashirika mengine kuupinga mpango, huku wakiwapigia kelele wakubwa wa Ulaya kwamba mafuta hayo mnayoyaita safi yanakata msitu wa watu. Mpango ule haukutekelezwa.

Mimi natazama pale nikaona jambo moja. Mtu wa Manchester aliyeandika barua ile hana kura Magarini. Na mtu wa Marafa mwenye kura Magarini hana njia ya kuingia Brussels. Mmoja peke yake asingefika. Walipofungamana, mmoja akasema penye sheria ya Ulaya na mwingine akasema penye ardhi yenyewe, kampuni ikakosa pa kupenya. Hakuna aliyeunda chama cha siasa, hakuna aliyefunga fungu la kura. Ilikuwa ni ile ile njia ya mabibi wa chai, ila safari hii na wakulima wa nyika.

Lakini liko ambalo wageni hawawezi kutufanyia. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 kiti cha Magarini, hiki hiki chenye Dakatcha ndani yake, kilipatikana kwa tofauti ya kura 21. Kesi yake ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na uchaguzi ukarudiwa Novemba 2025. Kura 21! Hendon 15, Magarini 21. Watu wa viota, wafugaji nyuki, wachuma dawa, wanaowatembeza wageni kama yule kijana wetu, hawakosekani 21 katika kijiji kimoja. Na ukishuka Mida, wamo vijana wanaolipwa kuwaongoza wageni kwenye daraja la kamba juu ya mikoko, wakawaonyesha wale ndege weupe na weusi wenye midomo minene, wala kaa, ambao huzaliana katika visiwa vya Ghuba na kuja kwetu kukimbia baridi, wakiifuata njia ile ile iliyofuatwa na majahazi ya wazee wetu. Ugali wa vijana hao unategemea matope yale yasijengwe. Hawa ndio watazama ndege wenye kura, hata kama hakuna daftari lililowaandika hivyo.

Je, nataka wawe fungu? Hapa ndipo nilipokuwa nikibishana na nafsi yangu usiku ule. Sitaki. Nimeona mafungu ya kutosha. Mgombea akijua kwamba wapenda msitu ni wake, hatafanya lolote, maana anao. Na mpinzani wake akijua kwamba si wake, ataukata msitu kwa hasira. Bora wawe wachache katika kila upande, wasiojulikana watakwenda kwa nani, kila mmoja akiwa na swali moja mkononi analouliza kila mgombea, mbele ya watu, na jibu likaandikwa. Kura 21 zisizotabirika zinamnyima mgombea usingizi kuliko kura 2,000 alizokwisha kuzinunua.

Na kabla hamjaniuliza, niseme mwenyewe. Nimepiga kura tangu ujana wangu, katika milolongo na katika masanduku. Nimewauliza wagombea habari za maji, za barabara, za madrasa, na za mwanangu asiye na kazi. Mikoko ya Tudor imepungua mbele ya macho yangu. Utotoni tulikuwa tukihesabu kulasitara na sululu pale wakati wa maji kupwa, tukichoka kabla hatujamaliza; sasa mjukuu wangu huwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sijapata hata siku moja kumuuliza mgombea yeyote: mikoko hii nani anaikata, na wewe utamfanya nini?

Jumatatu nilirudi barazani nikawaeleza wenzangu haya. Yule aliyemwagikiwa na kahawa alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba swali hilo ni refu mno kwa mkutano wa hadhara, mgombea atalikimbia kwa nyimbo. Akanifupishia. Nimeliandika kama alivyolisema, juu ya karatasi ya bahasha, limo mfukoni mwa koti langu likingoja Agosti 2027: "Mikoko yetu, utailinda au utaiuza?" Kijana amelichukua nakala yake, akasema atawapelekea wenziwe wa Mida.